Uliza Mwalimu: "Tall than me" ina kosa gani?

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu, tena pembeni, kwamba "more better" si Kiingereza. Nikajua nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimekuja kutoka bara na pwani, na moja imevuka bahari kutoka Muscat, zote zinauliza habari ya kulinganisha vitu kwa Kiingereza: kipi kirefu, kipi kirefu zaidi, kipi kinapita vyote. Basi safari hii tunashinda hapohapo. Majina ya waandishi nimeyaweka kabatini, namtaja kila mtu kwa alikotoka.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu Korogwe. Kwenye jaribio niliandika "Asha is tall than me" nikakoseshwa. Mwalimu wetu akasema andika "taller". Nilipouliza kwa nini, akasema ndivyo ilivyo. Lakini "than" si ndiyo "kuliko"? Sasa hiyo "er" ina kazi gani?

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko jibu ulilopewa.

Hebu itazame sentensi hiyo niliyokuandikia. "Swali lako ni zuri kuliko jibu." Neno "zuri" nimelifanya nini? Sikulifanya kitu. Lingekuwa "zuri" hivyohivyo hata kama hakuna jibu la kulishindanisha nalo. Kwetu kivumishi hakisumbuliwi. Kinakaa kwenye kiti chake, na mzigo wote wa kulinganisha anabebeshwa "kuliko". Ukiichambua "kuliko" utakuta ndani yake kuna "ku-li-ko", yaani mahali fulani alipo. Kwa hiyo "Asha ni mrefu kuliko mimi" asili yake ni kama kusema: Asha ni mrefu hapa nilipo mimi. Njoo usimame kando yangu, utauona huo urefu. Ni ujanja mzuri, na umetutosha miaka yote.

Mwingereza hakupita njia hiyo. Yeye anakishika kivumishi chenyewe na kukivika kilemba. "Tall" akitaka kumshinda mtu lazima avae "er", awe "taller". Ushindi uko ndani ya neno lenyewe. "Than" halina ushindi wowote ndani yake, kazi yake ni kumtaja tu yule aliyeshindwa. Ushahidi ni huu: Mwingereza anaweza kusema "Asha is taller" akanyamaza, na kila mtu akajua pana mtu amezidiwa. Wewe jaribu kusema "Asha ni mrefu kuliko" kisha ufunge mdomo. Watu watakutazama wakingoja umalize.

Kwa hiyo ulipoandika "tall than me", kichwani mwako Kiswahili kilikuwa kimeshafanya kazi yake vizuri kabisa, ila sentensi ya Kiingereza ikabaki na aliyeshindwa bila mshindi.

Ikiwa ulipitia chuoni kwa maalimu, hili haliwezi kukushinda. "Kabir" ni kubwa, "akbar" ni kubwa zaidi. Kiarabu nacho kinaligeuza neno lenyewe. Na Kiswahili kimeyaokota maneno ya namna hiyo yakiwa yameshaiva: "afadhali" imetokana na "afdhal", yaani kilicho bora zaidi, "akali" ni kilicho kichache zaidi, "aghalabu" ni ile sehemu iliyo kubwa zaidi. Tunayatumia kutwa bila kujua kwamba ni ndugu wa "taller".

Jingine, dogo. Kuna siku utaulizwa kama ni "than me" au "than I". Watu wanaozungumza husema "than me" na dunia haianguki. Wakali wa sarufi wanataka "than I". Kwenye mtihani andika "than I am", ukiitimiza hivyo hakuna msahihishaji atakayekugusa.

Za kazi, Mwalimu? Mimi fundi samani, Keko, Dar es Salaam. Nataka kuandikisha kibao kipya: THE MOST BEST SOFA IN DAR ES SALAAM. Kijana mmoja wa chuo amepita akacheka, akasema nimekosea. Mchoraji anakuja Jumamosi. Niambie mapema.

Salama, fundi. Futa MOST. Bakisha THE BEST SOFA IN DAR ES SALAAM. Herufi nne za rangi umeziokoa, na mchoraji akikuuliza mwambie ni mimi.

"Best" tayari yuko kileleni. Ukimwekea "most" ni kama kumpandisha ngazi mtu ambaye ameshakaa juu ya paa.

Usione haya. Kosa hili nimelifanya mimi, mbele ya mkaguzi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na shati jipya na chaki ya rangi mbili, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wa kujidai: "Tanga is more hotter than Lushoto." Mkaguzi amekaa dawati la nyuma na wanafunzi, hakusema neno. Kipindi kilipokwisha tukaenda ofisini, ikaletwa chai, na mimi nikatia sukari vijiko viwili. Akaniuliza, "Mwalimu, ile 'hotter' ubaoni uliitia vijiko vingapi?" Nikabaki na kijiko mkononi. Akasema, "Kiingereza kijiko kimoja. Ukitia 'er', funga kopo. Ukitia 'more', funga kopo."

Tangu siku hiyo nimewafundisha hivyo watoto wote waliopita mikononi mwangu. "Hotter" au "more expensive", kijiko kimoja. "More hotter" imezidi sukari, "most cheapest" vilevile, na "more better" ndiyo iliyonizulia barua hizi zote.

Kosa hili kwetu lina chimbuko. Sisi tunasema "bora zaidi", na hakuna anayetukamata. "Bora" limebeba ubora, "zaidi" likaongeza. Ukilihamisha neno kwa neno unapata "better more", ukiligeuza kidogo "more better". Kama unataka kusema imezidi kwa mbali, Kiingereza kina njia yake: "much better", "far better". Lakini si "very better". "Very" anakaa na neno lisilovaa kilemba: "very good", "very tall".

Halafu fundi, umeandika "in Dar es Salaam", hapo uko sawa. Wengi huandika "of Dar es Salaam". Mahali hutajwa kwa "in". "Of" tunaitumia tukitaja kundi: "the best of all my sofas".

Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, Lamu. Mnawakataza watoto kusema "most" na "est" pamoja. Lakini katika Juliasi Kaizari ya Shakespeare nilisoma kwa macho yangu "the most unkindest cut of all". Kama bwana mkubwa wa Kiingereza aliandika hivyo, nyinyi mnakataza kwa amri ya nani?

Waalaykum salaam, mzee wangu. Umenikamata mkono ningali natoa ngumi.

Ni kweli tupu. Yamo katika hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, akionyesha tundu la kisu cha Bruto kwenye vazi. Bruto alikuwa kipenzi cha marehemu, kwa hiyo pigo lake ndilo lililokosa huruma kupita yote. Shakespeare akatia vijiko viwili kwa makusudi, na mtu mwenye masikio anasikia kwamba maumivu yamezidi kipimo. Wengi wetu wa huku tulikutana na tamthilia hiyo kwanza kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963, na Kiswahili hakina "most" wala "est", kwa hiyo mtego huu hatukuuona.

Zama za Shakespeare jambo hilo halikuwa kosa. Waingereza waliandika "more" pamoja na "er" wakitaka kukazia, kama sisi tunavyosema "mkubwa sana tena sana". Waliokuja kulipiga marufuku ni wanasarufi wa karne ya 18. Anayetajwa sana ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London. Katika kitabu chake cha sarufi cha 1762 alisema kuzidisha mara mbili hakufai. Hata yeye aliacha mlango mmoja wazi: "most Highest" ya Zaburi za zamani, akitoa hoja kwamba anayetajwa hapo ni Mungu, naye yuko juu ya walio juu.

Kwa hiyo amri ni ya shule, mzee wangu, na umri wake ni kama miaka mia mbili na sitini. Mjukuu wako akiandika "most unkindest" kwenye mtihani atakoseshwa, na akimtaja Shakespeare atakoseshwa pia.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, Mbagala. Binti yangu wa darasa la sita ameandika "more cleverer". Nikamwambia ni "more clever". Shangazi yake akasema ni "cleverer". Tumegombana mpaka ubwabwa ukaungua. Nani ameshinda?

Pole kwa ubwabwa. Umeshinda wewe, na ameshinda shangazi pia. "Cleverer" ni sawa, "more clever" ni sawa. Aliyekosea ni binti, ambaye amechukua yote mawili ili asimkasirishe mtu. Mwambie habari ya sukari hapo juu.

Ila ndani ya ugomvi wenu kuna swali ambalo ndilo hasa: lini "er" na lini "more"? Vitabu vyote vinajibu, hesabu silabi. Neno la silabi moja lichukue "er" na "est". La silabi tatu na kuendelea lichukue "more" na "most". Kanuni nzuri, na watoto wetu wanaikariri vizuri, kisha wanaikosea. Kwa muda mrefu sikujua kwa nini, mpaka siku moja nilipomsikiliza mtoto mmoja hapa barazani kwangu akihesabu kwa vidole neno "smart". Alisema "sma-ti". Mbili. Akaandika "more smart".

Masikio yake yalikuwa mazima. Alihesabu Kiswahili tu. Silabi zetu hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo kila neno la kigeni tunaliwekea kamkia: "freshi", "chipu", "bigi", "softi". Mtoto akihesabu hivyo, kila neno la silabi moja anaona ni la mbili, na kanuni nzima inapinduka.

Dawa yangu ni kidevu. Mwambie binti aweke kiganja cha mkono chini ya kidevu, kisha aseme neno kama wanavyolisema kwenye taarifa ya habari ya Kiingereza, bila kamkia. Kila kidevu kinapogusa kiganja ni silabi moja. "Smart": mara moja. "Cheap": mara moja. "Hap-py": mara mbili. "Ex-pen-sive": mara tatu. Jirani akimwona atadhani anaumwa jino, mwache adhani.

Zile za silabi mbili ndizo zenye vituko. Zinazoishia na "y" hugeuza "y" kuwa "i" na kuvaa kilemba: "easy, easier, easiest", "dirty, dirtier", "lazy, lazier". Hapo usibahatishe, "more easy" inakwaruza masikio. Maneno kama "narrow", "simple", "quiet" nayo hupenda kilemba: "narrower", "simpler", "quieter". Lakini neno lenye mkia mrefu wa "ful", "less", "ous" au "ing" halivai kitu, linatangulizwa "more": "more careful", "more useless", "more famous", "more boring". Na "tired", ijapokuwa kidevu kinagusa mara moja tu au mbili kutegemea nani anasema, ni "more tired", maana limetokana na kitenzi. Mkwamo ukikupata kwenye neno la silabi mbili lisilo na "y", shika "more". Mara chache sana utaumia.

Herufi za kurudufu: "big, bigger", "hot, hotter", "thin, thinner". Irabu moja, konsonanti moja mwishoni, rudufu. "Cheap" ina irabu mbili, haina haja: "cheaper". Basi.

Hujambo Mwalimu. Natembeza wageni Nungwi, Unguja. Kila siku naulizwa pwani ipi nzuri zaidi na kila siku nasema "Nungwi is more good than Paje." Wageni wanaelewa, lakini mmoja aliniambia "better". Kwa nini si "gooder"? Mbona "tall" ni "taller"?

Sijambo kijana wangu. Kwa nini unasema "njoo" na si "ja"?

Kitenzi ni "kuja". Kusoma, soma. Kukaa, kaa. Kuja... njoo. Hakuna Mswahili anayeona ajabu, mpaka mgeni aulize. Maneno yanayotumika sana, yanayoshikwashikwa kila siku, ndiyo yanayobaki na umbo la kale, kwa sababu hakuna anayepata nafasi ya kuyasahau na kuyanyoosha. "Good" na "better" ni koo mbili tofauti zilizooana zamani sana, zikaishi nyumba moja. Hivyohivyo "bad, worse, worst", na "little, less, least", na "much" au "many" ikawa "more, most". Yako machache, yakariri tu kama ulivyolikariri "njoo".

"Far" ina mawili: "farther" na "further". Kwa umbali wa kutembea unaweza kutumia lolote. Kwa habari ya kuongezea, kama "maelezo zaidi", ni "further" peke yake.

Kuhusu Nungwi na Paje sisemi kitu. Nina wakwe pande zote mbili.

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Muscat mwaka wa tisa sasa. Dada yangu alikuja kunitembelea nikampeleka kazini kumwonyesha. Nikamtambulisha kwa bosi wangu wa Kiingereza: "This is my sister, she is bigger than me." Bosi akakohoa. Dada, ambaye anakijua Kiingereza kuliko mimi, hakusema na mimi mpaka magharibi. Nilikosea wapi?

Waalaykum salaam, mwanangu. Umenipa kicheko ambacho sikukitarajia, na najua dada yako anasoma gazeti hili, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Hukukosea sarufi hata chembe. "Bigger than me" imenyooka, kilemba kipo, "than" ipo. Ulichokosea ni kuamini kwamba "mkubwa" na "big" ni mtu mmoja. "Mkubwa" wetu ana kazi nyingi: ni wa umri, ni wa umbo, ni wa cheo, hata bosi wako ni mkubwa wako. "Bigger" ya Mwingereza, ukimweka mtu mbele yake, inapima kiuno. Ulimwambia bosi, dada yako akiwa amesimama palepale na buibui lake la safari, kwamba amekuzidi unene.

Umri ni "older". "She is older than me." Au "my elder sister", na hilo "elder" lina adabu zaidi, ni la nyumbani, la ndugu kwa ndugu. Lakini lina masharti: hukaa mbele ya jina tu na halifuatwi na "than". "My elder sister" ndiyo, "she is elder than me" hapana.

"Mdogo wangu" naye huponza watu. Ukisema "my small brother" kisha akaingia jitu la futi sita na mabega ya mbeba magunia, mgeni atakutazama mara mbili. Sema "my younger brother". Na "mama mdogo" si "small mother", ni "aunt". Ukitaka kumweleza barabara, ni "my mother's younger sister". Kitindamimba ni "the youngest". Mkiwa ndugu wawili tu, mkubwa ni "the elder", mkifika watatu anakuwa "the eldest".

Kwa dada: mnunulie udi. Kisha umtambulishe upya.

Mwalimu, mimi karani, Dodoma. Niliandika "Mr. fulani is senior than me" mkubwa wangu akaizungushia wino mwekundu. Nimetafuta kosa sijaliona.

Ni "senior to me". Maneno "senior", "junior", "superior" na "inferior" yametoka Kilatini, na huko "ior" ndiyo ilikuwa "er" yao. Yalikuja Uingereza yakiwa yamelinganishwa tayari, kama "afadhali" ilivyokuja kwetu. Hayataki "more" wala "than", yanataka "to". Fuatanisha na "prefer": "I prefer tea to coffee". Wino wa mkubwa wako ulikuwa wa haki.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi, Moshi. Kwenye kitabu cha mazoezi tunachotumia imeandikwa "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa." Mwanafunzi mmoja aliandika pembeni, "Kwani Kilimanjaro haiko Afrika?" Nilimkata alama moja kwa utovu wa nidhamu. Usiku nikakosa usingizi. Je, mtoto ana haki?

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ana haki yote, na ningekuwa karibu ningemnunulia soda.

Kilimanjaro ina mita 5,895. Ukisema imezidi "any mountain in Africa", na yenyewe ni mlima wa Afrika, umesema imejizidi yenyewe. Kinachokosekana ni neno moja: "any other mountain in Africa". Hilo "other" linaitoa Kilimanjaro nje ya kundi kwa muda, ili iliyobaki ipimwe nayo, kuanzia Mlima Kenya wenye mita 5,199 kushuka chini. Lakini ukiilinganisha na bara jingine, "other" haitakiwi. "Kilimanjaro is higher than any mountain in Europe" ni sawa kabisa, kwa kuwa Kilimanjaro haikuwamo humo. Elbrus, mrefu wa kule, una mita 5,642.

Kiswahili hakitusaidii hapa. Sisi husema "Kilimanjaro ni mrefu kuliko milima yote ya Afrika" na hakuna anayeuliza kama umejihesabu wenyewe. Ndiyo maana watoto huchanganya mambo wakaandika "the highest than all". Ama "the highest of all", ama "higher than all the others". Ukishatia "the" na "est", "than" aende zake.

Unajua watahini wanavyopenda kuizungusha sentensi moja kwa sura tatu. Wazoeze hii hii, wanaiona dirishani wingu likiondoka: "Kilimanjaro is the highest mountain in Africa." "Kilimanjaro is higher than any other mountain in Africa." "No other mountain in Africa is as high as Kilimanjaro." Ya tatu ndiyo inayowaangusha, kwa sababu kivumishi hapo hakivai chochote, kimerudi kuwa "high" mtupu katikati ya "as" mbili, na mtoto aliyekaririshwa "higher" mkono unamwasha kukiongezea.

Ukitaka kuwapeleka mbele, wape Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, ambalo duniani linazidiwa na Baikal peke yake. "The second deepest lake in the world." Nimesahihisha "the deepest second lake" mara nyingi mno, yote matunda ya "la pili kwa kina". Na wakisema "one of the deepest", ziwa liwe wingi: "one of the deepest lakes". Moja kati ya mengi, sawa na sisi tunavyosema "mojawapo ya maziwa".

Alama ya mtoto irudishwe kesho asubuhi, mbele ya darasa. Kitabu nacho kisahihishwe, chomeka "other" mahali pake, tena kwa wino. Ukiandika kwa penseli itafutika kabla darasa la mwakani halijafika.